Sekunde nne za Lukaya

Mkanda wa feni wa basi ulikatika tukiwa tumeshaingia Lukaya, mji mdogo wa Uganda kati ya Masaka na Kampala, Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 2024, saa nane mchana. Konda akasema dakika ishirini. Utingo akadandia bodaboda kurudi Masaka kutafuta mkanda mwingine, nasi abiria wa kutoka Bukoba tukashuka kutafuta kivuli.

Hasira nilikuwa nazo tangu asubuhi. Pale mpakani Mutukula kijana wa kubadilisha fedha alinihesabia noti mbio mbio, laki moja yangu ya Tanzania ikazaa elfu 118 za Uganda, na hatua chache mbele nikakuta dukani wanatoa elfu 137. Siti niliyoilipia ilikuwa imevunjika mgongo. Sasa na hili.

Nilikuwa na binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na moja, tunakwenda harusini Kampala. Mtoto huyu kila Jumamosi yuko ufukweni Bukoba anapiga samasoti kwenye mchanga wa ziwa, maana shule yao ina magodoro mawili tu na yote yametoboka. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama tutawahi fainali ya wanawake ya jimnastiki ya sakafuni, michezo ya Olimpiki ya Paris, karibu saa tisa na nusu kwa saa zetu. Mkanda ulipokatika alilia kimya kimya, kanigeuzia mgongo.

Mama mmoja muuza kuku, mwenye koti la buluu la wachuuzi wa pale na mishikaki mkononi, akamwona. "Nnyabo, mtoto ana nini?" Nikamweleza. Akatushika mkono wote wawili, akatuvusha barabara mpaka kwenye hoteli ya jirani yake yenye televisheni. Vijana waliokuwa wakila matoke walikuwa wanataka marudio ya Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Ijumaa kwa dakika 26:43.14. "Cheptegei mmemwona mara kumi," yule mama akawaambia kwa Kiswahili, tusikie na sisi. "Huyu mtoto ametoka Tanzania."

Paja la kuku lilikuwa elfu 12, ghali, lakini nililinunua kwa moyo mweupe.

Basi tukaangalia. Rebeca Andrade wa Brazil, mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani, mwenye goti lililopasuliwa mara tatu, akapata 14.166. Simone Biles wa Marekani aliruka juu kuliko wote, lakini alipotua mguu ukavuka mstari mara mbili. Sakafu ile ni mita 12 kwa 12, na kuvuka huko kulimgharimu sehemu sita za kumi za alama: 14.133. Wa mwisho kucheza alikuwa Jordan Chiles, naye wa Marekani. Wakampa 13.666, nafasi ya tano, na Ana Bărbosu wa Romania akaanza kushangilia shaba na bendera ya nchi yake. Ghafla ubao ukabadilika. Makocha wa Chiles walikuwa wamekata rufaa, amepandishwa hadi 13.766, nafasi ya tatu. Bărbosu akaiachia bendera ikaanguka, akajishika uso. Nilimhurumia sana, lakini hotelini walikuwa wameshasimama.

Kwenye jukwaa Biles na Chiles wakapiga goti, mmoja huku mmoja huku, wakamwinamia Andrade aliyeinua mikono katikati. Wanawake watatu weusi, na haikuwahi kutokea katika jimnastiki ya Olimpiki. Wale vijana wa Cheptegei walipiga meza. Mama wa kuku alinyamaza, mshikaki umemwinamia mkononi mafuta yanadondoka kwenye koti. Mtoto wangu alitoka nje, akachora mraba kwa kisigino kwenye vumbi kando ya barabara, akapiga samasoti mbili na msamba bila kuvuka mstari.

Mkanda ulifika saa kumi na moja. Harusi ilikuwa nzuri; Kampala kuna foleni.

Jumamosi usiku, begi limeshafungwa, nikasoma kwenye simu kwamba mahakama ya usuluhishi wa michezo imeifuta ile rufaa. Makocha walikuwa na dakika moja ya kukata rufaa, wakaikata kwa dakika moja na sekunde nne. Kwa hiyo 13.666 ikarudi, na shaba ikawa ya Bărbosu. Sheria ni sheria, na yule msichana wa Romania hana kosa hata chembe. Ila medali umeshamvika mtu shingoni! Kwetu Bukoba zawadi ikishapokelewa kwa mikono miwili hakuna wa kuidai. Nilimwambia mtoto asubuhi, ndani ya basi. Akauliza sekunde nne ni ngapi, kisha akazihesabu mwenyewe kwa sauti, na hapo tulikuwa tumekaa stendi dakika arobaini tukimsubiri abiria mmoja.

Lukaya basi lilisimama kidogo tu. Yule mama alikuja mbio dirishani na gonja, ndizi za kuchoma, akamtambua mtoto. "Wale watatu wetu wazima?"

"Mmoja wamemnyang'anya," mtoto akasema.

"Medali aliyokwisha kuvaa? Kwa nini?"

Dereva akaondoa gari. Mama akakimbia nalo, beseni kichwani. Mtoto akatoa kichwa nje akapiga kelele, "Walichelewa sekunde nne!" Yule mama akasimama katikati ya vumbi, akainua vidole vinne juu, kama anayeuliza kama amesikia sawasawa.