Gripu Mpya na Wiki Tatu za Kubishana na Viganja Vyangu

Gripu za zamani za baiskeli yangu, ile mipira ya kushikia kwenye ncha za usukani, zilikuwa zimekwisha. Zilinata kama pipi iliyosahauliwa mfukoni, na kila niliposhuka kwenye baiskeli viganja vilikuwa vyeusi kama vya mchoma mkaa. Sikuzionea huruma. Nilizichana kwa kisu kwa urefu, nikazibandua, nikafuta bomba la usukani mpaka likang'aa, nikavika mpya. Zilikuwa gripu za kawaida za kusukuma, zisizo na skrubu ya kubana, mpira mweusi wenye nakshi ya pembepembe. Dukani nilizibonyeza kwa kidole nikaona ziko sawa. Kidole kimoja kinachobonyeza mara moja hakijui lolote.

Siku ya kwanza niliendesha kama saa moja na nusu. Baada ya dakika ishirini nikaanza kuhamisha mikono: ndani, nje, ncha za vidole tu, kisha ngumi. Niliporudi nilikuwa na lengelenge chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kidole cha mwisho cha kushoto kimekufa ganzi. Nilikaa kitandani nikihangaika na kifungo cha shati kama mtoto anayejifunza kuvaa.

Nikajiambia ndio upya huo. Kiatu kipya hubana, kikishavaliwa wiki moja kinajiachia. Isitoshe, niliwahi kuwa na siti ya ngozi iliyonitesa mwezi mzima, kisha ikapata umbo langu na hatukugombana tena. Basi nikaona hata gripu zitafuata njia hiyo, na mimi nitaziharakisha.

Jaribio la kwanza lilikuwa mafuta. Nilizipaka Vazelini nyingi, nikazizungushia nailoni, nikaziacha hadi asubuhi. Nilipofungua, kwa juu zilikuwa laini kweli. Nilifurahi kwa muda wa kutoka mlangoni hadi kona ya kwanza. Pale kwenye kona nikauegemea usukani, gripu ya kulia ikazunguka mkononi, nikawa kama mtu anayepiga resi pikipiki isiyo na injini. Baiskeli ilikwenda ilikotaka yenyewe, nami nikajikuta nimesimama ukingoni mwa mtaro, mguu mmoja ndani. Mafuta ya jamii ya petroli hupenya kwenye mpira wa asili na kuuvimbisha. Tundu hupanuka, halafu utelezi ulioingia kati ya mpira na bomba unamalizia kazi. Gripu inayozunguka ni hatari kuliko gripu ngumu, hilo halina mjadala.

Jaribio la pili, maji ya moto. Nilizitoa, nikazisugua kwa sabuni kuondoa mafuta, nikazitumbukiza kwenye sufuria kwa dakika kumi. Zilitoka zimelegea vizuri, nikazivika upesi huku naungua vidole. Nikajaza upepo matairi yote mawili, nikarudi kuzibonyeza. Ngumu vilevile. Mpira ulikuwa umelegea kwa sababu ya joto, na ulipopoa ukarudi kwao.

Hapo ndipo nilipokubali kwenda kwa fundi. Ni mzee asiyependa maneno mengi. Aliibonyeza gripu kwa ukucha wa kidole gumba, akapitisha kiganja chake juu yake taratibu, akaniangalia.

"Mwanangu, hii si ngozi."

"Najua, mzee. Ni mpira. Nataka ulainike."

"Hautalainika. Umeshaiva kiwandani. Sasa lete mkono nione unaumia wapi."

Kuiva ndilo neno lenyewe. Mpira mbichi wa mti ni kitu cha kunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto unageuka kuwa kitu imara, na mwaka 1844 akapata hataza yake. Salfa hufunga nyuzi za mpira moja kwa nyingine, na mafundo hayo hayafunguki kwa kukandwa wala kwa maji ya moto. Ngozi ni jambo jingine: ina nyuzi zinazoteleza na kujipanga upya, inakunywa jasho, inafuata shinikizo. Zipo gripu za ngozi, na hizo hulainika kweli kadiri unavyozitumia. Kwa mwezi ule mzima wa siti nilijifunza tabia za ngozi, kisha nikazidai kwa mpira.

Fundi hakunipa somo la salfa, hilo nimeongeza mimi. Yeye alinishika kidole na kukipitisha kwenye gripu kwa urefu. "Unasikia?" Nikasikia. Kulikuwa na mstari mwembamba uliotoka nje kidogo, kama ukingo wa karatasi, kuanzia mwanzo wa gripu hadi mwisho. Ni mshono wa kalibu, ile fomu ya kiwandani inayoupa mpira umbo, pale vipande vyake viwili vinapokutana na mpira kidogo kuchungulia katikati. Kwenye gripu yangu ya kushoto mshono huo ulikuwa umelala palepale kwenye shina la kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Nilikuwa nimezivika bila kuangalia. Kila jiwe barabarani lilikuwa linanipigilia ukingo ule kwenye nyama.

Na mahali penyewe ni pabaya. Neva inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hupita hapo kwenye shina la kiganja, karibu na ngozi, na waendesha baiskeli wengi wanaijua kwa ganzi yake. (Ganzi ya kupita ni ya kupumzisha mkono. Ikibaki siku kadhaa, au vidole vikikosa nguvu ya kushika, hiyo ni ya daktari.)

Basi nilirudi nyumbani nikaanza upya kabisa, safari hii bila hasira. Kwanza niliziosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, nikifuata kila mfereji wa nakshi. Mpira mpya mara nyingi huja na utando wa dawa inayowekwa kwenye kalibu ili bidhaa isigande humo, na utando huo unateleza. Sikuwa nimefikiri kwamba utelezi unaweza kuwa chanzo cha maumivu, lakini ndivyo: kitu kikiteleza unakibana zaidi, na ukikibana saa nzima misuli inachoka na ngozi inachubuka. Lengelenge langu la kulia lilitokana na kubana kule.

Kisha msasa. Nilichukua msasa laini, nikausugua mshono tu mpaka ukucha haukukwama tena, na sehemu ya kiganja nikaipitishia mara mbili tatu kuondoa mng'ao. Mtu asitamani kuendelea. Bomba la usukani ulionyooka lina unene wa milimita 22.2 pale mkono unaposhika, na gripu zangu zina milimita 30 kwa nje. Maana yake ni kwamba kati ya chuma na kiganja kuna mpira wa milimita kama 4 tu. Ukizisugua zikupendeze leo, kesho utakuwa umeshika bomba.

Kuvika ndiko kulikonitoa jasho. Maji ya sabuni yanafanya kazi, ila yanachukua muda mrefu kukauka na gripu inaweza kuzunguka siku nzima. Nilitumia spiriti, dirisha wazi na moto mbali. Unamimina kidogo ndani ya gripu, unaziba tundu kwa kidole gumba, unatikisa, unamwaga, halafu unasukuma mpaka mwisho kwa pumzi moja. Pumzi moja si mapambo ya lugha. Ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto nilisimama katikati kuangalia kama mshono umekaa mbele, na katika kuangalia kule spiriti ikakauka, gripu ikagoma, haiendi wala hairudi. Nilichukua spoki kuukuu, nikaipitisha taratibu chini ya mpira, nikadondosha spiriti pembeni yake, nikazungusha, ikaachia. Mshono wa kila upande nikauelekeza mbele, vinakokunjia vidole, mbali na shina la kiganja. Nikaziacha hadi kesho yake, na kabla ya kutoka nikazisokota kwa mikono miwili kwa nguvu zote. Hazikusogea.

Nikadhani nimemaliza. Safari ya siku hiyo ilikuwa nafuu, ila bado ganzi ilinipata, imechelewa tu kufika. Nikarudi kwa mzee kumshukuru na kumlalamikia kwa pamoja. Safari hii hata hakuzigusa gripu. Aliangalia siti.

"Pua imeinama. Unateleza mbele, unajizuia kwa mikono."

Niliweka pimamaji juu ya siti na kweli ilikuwa inashuka mbele. Nilikuwa nimeiinamisha mwenyewe miezi iliyopita kwa sababu nyingine nikasahau. Nikaisawazisha. Halafu mikono ya breki: ilikuwa imeelekea mbele moja kwa moja, kwa hiyo kila nilipoweka vidole juu yake kifundo cha mkono kilikunjika kwenda nyuma na uzito wote ukatua kwenye shina la kiganja. Nikalegeza bolti, nikaizungusha ielekee chini kidogo, mpaka vidole, mgongo wa mkono na mkono mzima hadi kwenye kiwiko vikawa mstari mmoja nikiwa nimekaa kwenye siti. Kazi ya dakika tano. Ningeulizwa ni lipi kati ya yote lililonisaidia zaidi, ningetaja hilo, nalo halina uhusiano wowote na mpira.

Mengine yaliyobaki yalikuwa ya viganja vyangu. Wiki ya kwanza niliendesha nusu saa kwa siku, na glavu za vidole wazi. Wiki ya pili nikavua glavu kwa safari fupi. Lengelenge lilikauka, ngozi yake ikatoka, chini yake ikaanza kuota sugu ndogo, ngumu, za manjano kidogo. Nilijizoeza pia kushika kwa ulegevu, kama mtu anayeshika ndege asiyetaka kumuumiza wala kumwachia, jambo rahisi kusema lakini kwenye mteremko wenye mashimo mikono husahau. Asubuhi za baridi gripu zilikuwa ngumu zaidi, mchana zikalegea kidogo. Nikaacha kuzihukumu kabla jua halijapanda.

Kuna jioni moja nilipaka dawa ya kufukuza mbu mikononi kisha nikapanda baiskeli. Nilipofika, mpira ulikuwa unanata kidogo palepale viganja vilipokaa. Dawa zenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, hushambulia baadhi ya plastiki na mpira wa bandia, na nikakumbuka zile za zamani zilivyokuwa zimegeuka pipi. Zangu niliwahi kuzifuta kwa sabuni usiku uleule. Sasa napaka dawa, nanawa viganja, ndipo nashika usukani.

Wiki ya tatu sikumbuki lolote kuhusu gripu. Niliendesha saa mbili siku ya mapumziko, nikafungua vifungo vya shati vyote bila kuvitazama, na nilikuwa nimeshavua viatu ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimehamisha mikono njia nzima. Nikatoka nje kuzibonyeza. Nakshi ilikuwa imepungua makali chini ya vidole gumba. Zaidi ya hapo zilikuwa zilezile.

Jumamosi iliyopita shemeji yangu aliiazima baiskeli asubuhi. Alirudi kabla ya adhuhuri, akaiegemeza ukutani, akasimama anapuliza viganja.

"Shem, mbona umefunga gripu za chuma?"

Nikaingia ndani kumtafutia glavu.