Vidole vya mvuvi na mkongo mmoja

Nilipopewa kazi ya kuunganisha vitambulisho na malipo ya serikali katika nchi ndogo ya visiwa, nilidhani shughuli ingekuwa kwenye programu. Wiki ya kwanza ya usajili ilinitoa ushamba.

Alikuja mzee mmoja mvuvi. Akaweka vidole kwenye kioo cha mashine, taa ikawaka nyekundu. Karani akamfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, wakarudia. Nyekundu. Kamba na chumvi zilikuwa zimelamba mistari yote. "Mwanangu," akaniambia, "hii mashine yako haijavuta nyavu hata siku moja."

Jioni ile tukaandika utaratibu mpya: vidole vikikataa, inapigwa picha mboni ya jicho; nayo ikishindikana, picha ya uso na mashahidi wawili wanaomjua. Karani haruhusiwi kumrudisha mtu nyumbani. Wahandisi walinung'unika kwamba tunawafungulia mlango wanaojiandikisha mara mbili. Hoja yao ilikuwa na uzito, hivyo rekodi hizo hukaguliwa na mtu, moja moja.

Malipo yalinikosesha usingizi zaidi. Mkandarasi alitaka kila muamala uhakikiwe kwenye seva, yaani kompyuta kuu, iliyoko ng'ambo. Nikamkumbusha Tonga, nchi ya visiwa kule Pasifiki: Januari 2022 volkano ililipuka, mkongo pekee wa kimataifa, ile kebo ya intaneti ipitayo chini ya bahari, ukakatika, na ukarabati ukachukua wiki tano hivi. Wiki tano wazee wasile?

Basi tukaweka kwenye kadi msimbo wa QR wenye saini ya kidijitali, alama inayothibitisha kwamba kadi ni yetu na haijachezewa. Simu ya muuza duka inaihakiki saini hiyo bila mtandao, na malipo madogo yanapita hapohapo. Mtandao ukirudi, simu inayatuma. Mjanja anaweza kutumia salio lilelile kwenye maduka mawili, ndiyo maana kiwango ni kidogo. Hasara hiyo tuliikubali kwa macho makavu.

Kosa letu wenyewe lilikuwa la kijinga: namba ya kitambulisho ndiyo tuliyoifanya namba ya akaunti. Nikaiona siku moja kwenye risiti iliyotupwa sakafuni, nzima, tarakimu zote, yeyote angeweza kuisoma. Ilibidi kila akaunti ipewe namba mbadala, na kazi hiyo ilitula miezi.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi nachomoa waya wa mtandao ofisini bila kumwambia mtu, nikakaa kuona malipo gani yatakwama.