Mwana Aliyekuwako Shamba

Neno la wiki: Luka 15:25–32

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sala ya jioni nyumbani kwetu ni ndefu. Huwataja watoto wote tunaowahudumia, mmoja mmoja, kwa majina: aliyeletwa juzi na bado hasemi na mtu, anayelowesha kitanda, anayengoja barua ya mjomba ambaye sisi watu wazima tunajua hataandika. Mume wangu huanza, nami hupokea. Jioni moja, baada ya amina, kitindamimba wetu, wakati huo ana miaka tisa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbusha kwamba mlango haujafungwa: "Leo tena hamkunitaja."

Neno lililonichoma si "hamkunitaja". Ni lile "tena".

Moyoni nikaanza kujitetea. Huyu ana mama, ana baba, ana kitanda chake, hajawahi kulala njaa. Hoja zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja niliyothubutu kuitamka mbele yake.

Tangu siku ile siwezi kuusoma mfano wa mwana mpotevu kama nilivyousoma zamani. Sisi watumishi tunaupenda mfano huu, nadhani, kwa sababu tunajiona humo tukiwa upande mzuri. Ni sisi tunaokimbia kumlaki mtoto aliyechakaa, ni sisi tunaomvika vazi na kumchinjia ndama. Yule kaka mkubwa tunamweka mwisho wa mahubiri, tunamkemea kwa dakika tano, kisha tunafunga kwa sala. Mimi nimemkemea mara nyingi, tena kwa ufasaha. Sasa namsoma nikiwa mama yake.

Angalieni Luka anavyosimulia. Mwana mkubwa "alikuwako shamba". Yaani alikuwa kazini. Anarudi, anaikaribia nyumba, anasikia nyimbo na machezo, na inambidi amwite mtumishi amwulize maana yake nini. Mtoto wa nyumba anapata habari za nyumbani kwao kwa mtumishi! Ndivyo wanetu walivyojua mara nyingi kwamba usiku ameletwa mtoto mwingine: waliamka wakamkuta amevaa shati lao. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili tulipomwomba alale chumba kimoja na msichana mdogo aliyeogopa giza. Tulimwambia ni kwa siku mbili tatu. Ikawa miaka minne. Hatukumwuliza tena, naye hakulalamika, basi tukauhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa. Wageni walipokuja tuliwasimulia habari hiyo kama ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoibariki familia yetu, na yeye akiwa amesimama palepale.

Huyu wa kwenye mfano walau alisema. Alilalamikia mwana-mbuzi, na wahubiri humcheka: anaachiwa mali yote, analilia mbuzi. Lakini yeye mwenyewe anaeleza mbuzi huyo ni wa nini: afanye furaha na rafiki zake. Sidhani kama alikuwa na njaa ya nyama. Alitaka siku moja ambayo watu wangekusanyika kwa ajili yake, bila yeye kupotea kwanza.

Na baba anafanya jambo ambalo sikuwa nimelipa uzito. "Alitoka nje, akamsihi." Karamu inaendelea, wageni wameketi, naye mwenye shughuli anawaacha, anatoka kwenda kusimama gizani na mtoto aliyenuna. Najiuliza kama mimi ningetoka. Wafadhili wakiwa sebuleni, baada ya safari yao ndefu? Ningemtuma mtu akamwambie mtoto aache utoto.

Hapa nataka niseme juu ya shukrani, maana katika kazi hii sisi ni mafundi wa kushukuru. Kila mwezi tunaandika barua kwa wanaotutegemeza. Hakuna zawadi iliyopita bila neno la asante, na ni vizuri. Watoto nao tumewafundisha. Mgeni akija wanapangwa mstari, wanaimba, wanapiga makofi, wanapigwa picha wakiwa wameshika walichopewa. Nitasema wazi kwamba jambo hili limenichosha. Wale wakoma kumi walipotakaswa, mmoja tu alirudi, na Bwana aliuliza, "Wale kenda wa wapi?" Swali lile lilikuwa na uchungu ndani yake, lakini hatusomi kwamba aliwarudishia ukoma wao. Na yule aliyerudi alirudi mwenyewe, kwa sauti kuu, bila kupangwa na mtu. Mtoto maskini ana haki ya kushiba bila kuimba. Shukrani yake itakuja siku yake, au haitakuja, na chakula kitakuwa chakula vilevile.

Basi nikajiuliza: katika nyumba hii yenye asante nyingi hivi, ni nani hajawahi kupewa hata moja?

Mume wangu na mimi tuliitwa. Tulisali, tukafunga, tukapima gharama, tukasema ndiyo. Watoto wetu hawakuulizwa. Sisi tuliitwa, wao walibebwa. Kila tulichokitoa kwa ajili ya huduma, muda, faragha, usingizi, sehemu kubwa ilikatwa kwenye fungu lao, na sisi ndio tulioandikiwa sifa.

Historia ya umisheni inalijua deni hili kuliko inavyopenda kusema. William Carey, mmisionari Mwingereza, aliposafiri kwenda India mwaka 1793, mkewe Dorothy alikuwa amekataa kwanza, akakubali dakika za mwisho baada ya kusihiwa. Mwaka uliofuata walimzika mwana wao Peter, wa miaka mitano. Akili ya mama ikavunjika, wala haikupona hadi alipofariki mwaka 1807, huku mumewe akiendelea kutafsiri Maandiko. Simhukumu Carey, sijui ningefanya nini mahali pake. Ila tunapohesabu lugha zilizopata Neno kutoka kwa mikono yake, ni haki tumhesabu na Dorothy.

Yule ninayependa kukaa naye zaidi ni George Müller, mlezi wa yatima wa Bristol, Uingereza. Mwaka 1835 yeye na mkewe Mary walimzika mwana wao Elijah, mtoto wa miezi kumi na mitano. Mwaka 1836 wakafungua nyumba yao ya kwanza ya yatima, na hadi kufa kwake mwaka 1898 yatima wapatao 10,000 walikuwa wamepita katika malezi yake. Hayo wengi tunayajua, pamoja na habari kwamba hakumwomba mtu fedha. Lisilohubiriwa sana ni la mwaka 1853. Lydia, binti yake, mtoto pekee aliyebaki, alishikwa na homa ya tifasi, na mwanzoni mwa Julai ikaonekana hakuna tumaini. Wakati huo Müller alikuwa na yatima 300 chini ya paa moja. Aliandika kwamba imani yake ilijaribiwa kwa namna ambayo haikuwa imejaribiwa kabla. Miaka yote ya kungoja mkate wa kesho kwa ajili ya mamia ya watoto haikulingana na kitanda kimoja. Baba wa mia tatu alikuwa bado ni baba wa Lydia. Binti alipona.

Mary alipofariki mwaka 1870, Müller mwenyewe ndiye aliyehubiri mazishini, kutoka Zaburi 119:68, "Wewe U mwema na mtenda mema." Alisema Bwana alikuwa mwema kwa kumpa Mary, mwema kwa kumwachia muda mrefu hivyo, na mwema kwa kumtwaa. La tatu mimi sijalifikia, nakiri. Lakini sikiliza hili: alisimulia pia kwamba maelfu ya mara alikuwa amemwambia mkewe jinsi alivyofurahi kila alipomwona. Kwa hiyo siku ya mazishi hakuwa akiyasema kwa mara ya kwanza. Mary mwenyewe alikuwa amekwisha kuyasikia, akiwa amechoka, labda ana rundo la nguo za yatima mikononi.

Tangu wakati ule kitindamimba wetu anatajwa katika sala, na mara nyingine anatajwa kwanza. Lakini kutajwa katika sala ni kuombewa, na kuombewa si kushukuriwa. Hilo lilinichukua muda kulitambua. Nilikuwa namwomba Mungu awape wanangu moyo wa kutoa, wakati walikuwa wameshatoa. Ombi lile lilikuwa kama kumdai mtu aliyekwisha kulipa. Siku moja nikamketisha mwanangu, nikamwambia: asante kwa shati, asante kwa Jumamosi ulizoziacha, asante kwa kutukopesha baba yako. Alinitazama kama mtu anayehofia kwamba baada ya hapo litafuata ombi jingine. Halikufuata. Akaniuliza kama anaweza kwenda kucheza.

Sisemi kwamba wamepoteza tu. Wamepata ndugu ambao nisingeweza kuwazaa, na wanajua mambo ya rehema ambayo mimi niliyasoma vitabuni nikiwa mtu mzima. "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Baba wa kwenye mfano aliposema hayo hakuwa akimtuliza mtoto kwa maneno matamu, alikuwa akisema ukweli. Ila Luka hatuambii kama mwana mkubwa aliingia ndani. Simulizi inakatika mlangoni, baba na mwana wangali wamesimama nje.

Mwezi uliopita, nikiandika barua za wafadhili, niliongeza moja kwa binti yetu mkubwa, ambaye sasa anaishi mbali nasi. Nilitumia karatasi ileile. Nilimshukuru kwa ile miaka minne ya chumba chake, nikamwomba radhi kwamba hatukumwuliza, na kwamba tuliwasimulia wageni kabla ya kumwambia yeye neno lolote. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikaufuta mara mbili kabla ya kuutuma.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Halikuitaja barua yangu. Alieleza habari za kazi yake, akaulizia afya ya baba yake, na mstari wa mwisho ukauliza kama yule msichana bado huacha taa ikiwaka.