Zabibu za Kobe

Jumapili usiku. Vumbi la Dodoma limeingia hadi ndani ya daftari hili, kila ukurasa una mchanga wake. Wiki ya sita ya fildi imekwisha, zimebaki mbili, na simba bado sijamgusa.

Niseme ukweli, simba ndiye aliyenileta. Nilipopata barua ya kupokelewa kwenye hii bustani ndogo ya wanyama nje ya mji, nilianza kupanga picha za kuwarushia wenzangu darasani. Siku ya kwanza nikakabidhiwa gambuti, reki na toroli. Babu (ndivyo wote tunavyomwita mtunza wanyama mkongwe, Mgogo aliyezeekea kwenye kazi hii) aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kucha zangu ndefu, akasema, "Mjukuu wangu, wewe utaanza na mavi."

Sikujua kwamba mavi husomwa. Ya pundamilia yanatakiwa yawe mabonge yaliyoshikana vizuri. Yakiwa machache, makavu, na yana utando kama makamasi, tumbo linakwenda polepole; kaangalie kwanza birika la maji, huenda ni chafu na hajanywa. Ya fisi yakikauka huwa meupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Hayo mimi nilikimbia kuyaripoti kama ugonjwa. Babu alicheka mpaka akakaa chini.

Kila asubuhi kabla ya chai tunapita banda kwa banda. Nani kabakiza chakula? Nani kalala mahali asipolala siku zote? Mnyama wa porini huficha ugonjwa, kwani kule aliye dhaifu ndiye anayewindwa kwanza. Ukisubiri mpaka aanguke, umechelewa.

Mambo ya simba ni mafupi. Milango miwili, makufuli mawili, na hakuna wa kuingia kufagia mpaka simba aonekane kwa macho akiwa chumba cha pili na komeo limefungwa. Jumatatu hapewi nyama, maana hata porini hali kila siku. Wageni hulalamika kwamba tunamtesa. Mimi huwajibu kwamba anafunga Jumatatu, imebaki Alhamisi tu.

Lililoninyima usingizi wiki hii ni la kobe.

Tunaye kobe mkubwa wa nyikani, gamba lake la njano lenye madoa meusi. Asubuhi hizi za Agosti zina baridi, naye hasogei mpaka jua limpate. Bila joto hata chakula hakisagiki tumboni. Nikawa namhurumia, kila siku nyasi kavu zilezile. Jumatatu nikashuka kwenye daladala, zabibu zinauzwa pembeni ya barabara, nikanunua kifuko. Alikula kwa fujo, maji ya zabibu yanamchuruzika shingoni, nami nimechuchumaa pale nimefurahi kama mama mwenye mtoto aliyekuwa hataki kula.

Jumanne alikuwa anaharisha. Tumbo lake limeumbiwa nyasi ngumu, na sukari nyingi huvuruga vijidudu vinavyomsaidia kuzisaga. Nilikiri mwenyewe kabla sijaulizwa. Nilitegemea kufokewa. Babu alinipa beseni la maji vuguvugu, brashi, na mizani ile tunayopimia viazi.

"Ulimpenda?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi mpende kwa nyasi."

Siku tatu nilimwogesha, nikampima, nikaandika. Kilo 9.6 zilishuka hadi 9.1. Namba ndogo, lakini niliiona hata nikifumba macho.

Nimekuwa nikiwaza tangu hapo. Nyumbani kwetu mgeni akikataa chakula ni kama amekutukana, na bibi yangu hajui kusema anakupenda ila kwa kukuongezea sahani. Hata Babu mwenyewe, mkewe akimfungashia ugali wa uwele na mlenda, hunikatia nusu, na nikisema nimeshiba hujifanya hasikii. Kwa hiyo huruma yangu niliijua kwa sura moja tu, ya mkono unaotoa. Kusimama mbele ya mnyama anayekutazama, ukiwa na kitu mfukoni ambacho angekifurahia, ukamnyima, hilo sikufundishwa popote. Darasani tulipewa jedwali la lishe, nami niliufaulu mtihani wake.

Jana mtoto mmoja alikuwa anamrushia tumbili biskuti. Nikamzuia, nadhani kwa sauti kali kuliko ilivyohitajika. Mama yake akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Dada, biskuti moja tu! Una roho mbaya." Wenzangu walicheka. Mimi sikuwa na uso wa kumweleza habari za zabibu.

Leo jioni nimempima tena. Kobe: kilo 9.5. Nyasi amemaliza. Mavi mazuri.