Jaji Aliyefungwa kwa Sababu ya Deni

Neno letu la wiki hii ni Luka 12:15: "Angalieni, jilindeni na choyo, maana uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo." Wapendwa katika Bwana, Neno hili limenifanya nimtafakari James Wilson, mzaliwa wa Uskoti aliyehamia Pennsylvania akiwa kijana, akasomea sheria kwa wakili John Dickinson, akawa mjumbe wa Bunge la makoloni ya Uingereza huko Amerika, na hatimaye akawa mmoja wa watu sita tu waliotia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 na pia Katiba ya 1787.

Mwaka 1789 Rais George Washington alimteua awe miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Katika mihadhara yake ya sheria huko Philadelphia, Wilson alifundisha kwamba sheria ya wanadamu hupata mamlaka yake, mwisho wa yote, katika sheria ya Mungu. Naamini alilisadiki jambo hilo, na ndiyo maana habari zake zinanihuzunisha.

Kwa maana miaka hiyohiyo alikuwa akinunua ardhi kubwa kwa fedha za mkopo, akitumaini kwamba bei itapanda. Na uchumi ulipoyumba mwaka 1796 na 1797, wadai wakamwandama. Alifungwa Burlington, New Jersey, kisha akafungwa tena North Carolina kwa madai ya Pierce Butler, mtu aliyekuwa mjumbe mwenzake katika mkutano ulioandika Katiba. Wakati wote huo alikuwa bado jaji. "Akopaye ni mtumwa wake akopeshaye," yasema Mithali 22:7, na hapa mtumwa huyo alikuwa mwenye kuwahukumu wengine.

Alifariki Edenton, mji wa North Carolina, tarehe 21 Agosti 1798, akiwa na umri wa miaka 55. Mkewe Hannah, aliyefunga naye ndoa miaka mitano tu kabla, alimfuata huko na kumuuguza hadi mwisho, ingawa hapakuwa na mali yoyote ya kutumainia.

Wiki hii tuwaombee wenye madeni, na wake na waume wanaobeba mzigo huo pamoja nao. Na kila mmoja wetu auweke mbele za Bwana ule mkopo anaofikiria kuuchukua, amwambie waziwazi anautakia nini.