Njaa ya Aliyekesha: Kushika Wanga Kidogo Hata Kama Hukulala

Ukifanya zamu ya usiku huku umepunguza wanga, utakutana na njaa mbili. Ya kwanza unaijua: umekula kidogo, tumbo linadai. Ya pili huja hata kama umemaliza sahani ya samaki na sukuma wiki saa mbili tu zilizopita, na ukiiletea samaki mwingine haitaki. Inataka mandazi, chapati na soda. Hiyo ni njaa ya usingizi, na ndiyo inayowatoa wengi kwenye lishe hii wakidhani wao ni dhaifu. Si udhaifu. Mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 saa nne tu za kulala kwa siku mbili mfululizo. Leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, inayochochea njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Hamu iliyopanda zaidi ilikuwa ya vyakula vitamu, vya chumvichumvi na vya wanga.

Kwa hiyo shauri langu kubwa ni hili: siku ambayo hukulala usipunguze chakula. Kula protini na mboga mpaka ushibe, kiasi cha wanga kibaki palepale kilipo, na kupungua uzito kusubiri siku utakayolala. Kujinyima siku kama hiyo hakuna faida kubwa hata ukifaulu. Katika utafiti mwingine wa 2010, watu 10 walikula chakula kilichopunguzwa kwa wiki mbili wakiwa na saa 8.5 kitandani, na wiki mbili nyingine wakiwa na saa 5.5. Mara zote mbili walipungua karibu kilo 3. Lakini walipolala vya kutosha, mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 1.4, na walipolala kidogo yalikuwa kilo 0.6 tu. Yaani walipolala kidogo, sehemu kubwa ya uzito waliopoteza haikuwa mafuta bali tishu nyingine kama misuli. Chakula chao hakikuwa cha wanga kidogo, lakini sioni sababu ya misuli kusalimika kwa ajili hiyo.

Sasa sufuria. Mtu wa kilo 70 alenge gramu 100 hivi za protini kwa siku, na theluthi moja aile kwenye mlo wa kwanza baada ya kuamka. Mayai matatu yana gramu 18. Ongeza omena (dagaa) waliokaushwa gramu 30, yaani konzi moja kubwa, nao wanakupa gramu 15 au zaidi. Omena ndio chakula kinachonivutia zaidi kwa mtu wa zamu, kwa sababu wakikaangwa wakakauka unawabeba bila friji, tofauti na mayai yaliyochemshwa, ambayo kwa joto la Kisumu yafaa yaliwe mapema. Waoshe kwa maji ya moto mara tatu, ukiwainua kwa mkono badala ya kumwaga maji juu yao, maana mchanga hukaa chini. Uchungu mwingi unatoka kichwani na tumboni. Kama unakusumbua, toa vichwa. Wachuje vizuri, uwakaange kwa moto wa wastani ukiwageuza hadi wawe wakavu kabisa, kama dakika kumi. Wakikaangwa kwa moto mkali hubadilika rangi nje huku ndani wana maji, na hao ndio wanaonuka kesho yake. Usitie nyanya kwenye wale wa kubeba. Chumvi na limau vinatosha, na limau likamuliwe wakati wa kula.

Mboga iwe nusu ya sahani: managu, saga, kunde, mrenda. Mrenda hasa hushibisha. Parachichi nusu juu yake linakupa mafuta na nyuzinyuzi, na sehemu kubwa ya wanga wake ni hizo nyuzinyuzi.

Kuna mahali watu wa kwetu hukosea mara nyingi: ugali wa wimbi na mtama. Ni chakula kizuri, lakini rangi haipunguzi wanga. Unga wa gramu 100, uwe wa mahindi, wimbi au mtama, una takriban gramu 70 au zaidi. Kama kikomo chako ni gramu 50 kwa siku, umeshakipita kabla hujanywa chai.

Na chai yenyewe! Kikombe cha mililita 250, maziwa nusu na maji nusu, kina gramu 6 za sukari ya maziwa. Vijiko viwili vidogo vya sukari vinaongeza gramu 8. Vikombe vinne vya kukufikisha asubuhi ni gramu 56, na bado unasema hujala kitu. Kunywa ya rangi, bila sukari, tena nusu ya kwanza ya zamu pekee. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu mwilini, hivyo chai kali ya saa kumi alfajiri itakuwa bado inakusumbua ukiutafuta usingizi saa tatu asubuhi.

Karanga nazo zipimwe. Robo kilo ni kalori 1,400 hivi, na inaisha bila mtu kuhisi akiwa amekaa langoni na mfuko mapajani. Konzi moja inatosha, iliyobaki ibaki nyumbani.

Kabla ya kuiamini njaa ya saa tisa au kumi alasiri, jaribu chumvi. Ukipunguza wanga, insulini inashuka na figo zinatoa sodiamu zaidi, hasa wiki mbili za mwanzo. Jasho la Kisumu linaongeza upotevu huo. Dalili zake ni kichwa kizito, kizunguzungu ukisimama, na unyonge ambao mtu aliyekesha huuita njaa. Kunywa kikombe cha supu ya mifupa chenye robo kijiko kidogo cha chumvi, usubiri robo saa. Ukitulia, hukuwa na njaa. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo asifanye hivi bila daktari wake.

Ikiwa supu haikusaidia, kula mlo kamili mapema badala ya kuzungukazunguka na vitafunio. Na kama hamu ya wanga bado inakukaba, naona ni bora gramu 100 za kiazi kitamu kilichochemshwa, karibu gramu 20 za wanga, zikiliwa pamoja na samaki mezani, kuliko KDF mbili, yale maandazi magumu ya ngano, zikiliwa kwa kujificha stejini.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asipunguze wanga kabla dozi yake haijaangaliwa upya kliniki. Sukari inaweza kushuka kwa hatari, na kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa kwake ni rahisi kudhaniwa ni uchovu wa kukesha. Mjamzito na anayenyonyesha pia waulize kwanza.

Mwisho, dawa halisi ya njaa hii ni kulala. Utafiti wa 2022, tena wa Chicago, uliwasaidia watu wenye uzito uliozidi na waliozoea kulala chini ya saa 6.5 waongeze saa moja na dakika kama kumi. Bila kuambiwa wabadilishe chakula, walikula kalori 270 pungufu kwa siku. Kwa mtu wa zamu, hiyo ina maana ya kula mlo wa protini mara ufikapo nyumbani, ili njaa isikuamshe, kisha kulala papo hapo kabla mabati hayajashika joto. Kufua kusubiri jioni. Nakuru asubuhi ni ya baridi na mabati hayasumbui sana. Huko tatizo ni mwanga, na blanketi zito likitundikwa dirishani linafanya kazi vizuri kuliko pazia. Simu ilale chumba kingine.