Siku Tuliyochora Ziwa, Katonga

Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wa Kigoma hulala nyumbani, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Tuliwakuta Katonga siku kama hiyo, mwaka 2022. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika watakayosema.

Mtaalamu tuliyefuatana naye alitandaza ramani juu ya meza ya kuuzia samaki, akaibana kwa mawe. Nchi kavu ilijaa majina: Bangwe, Mwanga, Ujiji. Ziwa Tanganyika lilikuwa buluu tupu hadi Kongo. Mzee mmoja akaliangalia, akauliza, "Sasa sisi tunafanya kazi wapi?"

Swali kama hilo ndilo lililotupeleka: tulitaka kulichora ziwa kama Waingereza wachoravyo bahari. Waingereza walianza miaka ya 2000 kuchora historia ya bahari yao yote, isibaki sehemu tupu. Hawaishii kwenye meli zilizozama. Wanachora pia njia za vyombo na maeneo ya uvuvi, wakitenganisha uso wa maji, maji ya kati, sakafu na kilicho chini yake. Mimi niliona mambo ya wenye pesa hayo, mpaka mzee aliposhika penseli.

"Rasi ya Bangwe ikiziba taa za bandari, pandisha wavu. Chini pana mwamba, utachanika." Akatia alama. Akaonyesha walipokuwa wakivua kwa karabai, kabla ya taa za betri. Mtaalamu akaeleza kwamba ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini huko chini hakuna oksijeni. Mzee akacheka: "Ndiyo maana hatujawahi kushusha wavu huko, bwana."

Kijana mmoja akadakia habari za dhahabu ya Wajerumani. Wazee wakamzomea. Wajerumani walipoizamisha meli yao, Graf von Goetzen, karibu na mdomo wa Malagarasi, Julai 1916, walichoacha ndani ni mitambo iliyopakwa grisi isile kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kwa hiyo pale hakuna hazina, ila pametiwa alama nasi tukaandika.

Aliyeharibu utaratibu ni mama mmoja muanika dagaa, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote. Alipenya, akaweka kidole kwenye mstari wa pwani, kidole bado kina magamba.

"Mwanangu, hapa mmeandika nchi kavu. Hapa ndipo vichanja vyangu vilipokuwa. Sasa hivi ni maji."

Ilikuwa kweli. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, hata bandari ya Kigoma ikaingiliwa na maji. Mzee akasema ziwa halina adabu tangu zamani: Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, 1871, maji yalikuwa karibu, leo kutoka kwenye mnara wao hadi ufukweni unatembea. Mtaalamu akamuunga mkono: mwaka 1878 ziwa lilizibua njia kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, likashuka mita kadhaa.

Basi pwani moja haikutosha. Tulichora ya 1871 kwa kukisia, ya kabla ya mafuriko, na ya siku ile. Mama akauliza yake ni ipi. Alipoonyeshwa ya katikati, akataka ipitishwe wino mwekundu, na iandikwe pembeni kwamba vichanja havijalipwa.

Niliandika.